Barua ya wazi kwa wanaosimamia afya na sheria: mgonjwa asiyepona na yeye aulizwe

Kwa waheshimiwa mnaosimamia afya ya nchi hii, waheshimiwa mnaosimamia sheria zake, na waheshimiwa wabunge wetu wa Kanda ya Ziwa,

Shikamooni kwa mlionizidi umri, wengine habari za kazi.

YAH: HAKI YA MGONJWA ASIYEPONA KUCHAGUA MWISHO WAKE, NA DAWA YA MAUMIVU KUMFIKIA ALIKO

Naandika hadharani sababu kwa njia ya kawaida nimegonga sana. Barua ya kwanza iligongwa muhuri ikapotelea humohumo ndani, nyingine nikaambiwa iko ngazi za juu, na kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja kijana wa mapokezi alisoma kichwa cha barua akaniangalia akaniuliza, "mama uko sawa kweli? nikuitie mtu wa ushauri nasaha?"

Niko sawa. Nina kazi yangu, watoto wanasoma, nalala usingizi. Na sijaomba mtu yeyote auawe. Ninachoomba ni kwamba mtu mzima, mwenye akili timamu, ambaye madaktari wenyewe wameshasema hapa hakuna kupona na siku zimebaki chache, awe na haki kisheria ya kusema imetosha, na asaidiwe kufa kwa utulivu kwa utaratibu unaoeleweka bila aliyemsaidia kwenda jela. Na huku hilo likijadiliwa (najua litachukua muda), dawa ya maumivu imfikie kule aliko.

Niwaeleze kwanza limenifikaje, maana kuna watu watasema huyu kasoma mambo ya mtandaoni.

Baba yangu mdogo alikuwa mtu wa dagaa, ananunua Ukerewe na visiwa vya jirani analeta mwaloni Kirumba hapa Mwanza. Alianza kukwama ugali, akawa anasukumia na maji, halafu ikawa uji tu, halafu uji nao ukawa unarudi. Watu wa huku mnaijua hii, kansa ya koo, ule mrija wa chakula, inatembea sana upande wetu huu wa Afrika kuanzia Ethiopia inashuka Kenya, kwetu, mpaka Malawi na kuendelea, wengine wanasema ni chai na uji wa moto sana, wengine moshi wa kuni, pombe, sigara. Na kama wengi wanaoipata huku alifika kwenye kipimo cha kamera wakati uvimbe umeshaziba njia. Hospitali walifanya walichoweza, waliokuwa zamu siwalaumu hata kidogo. Mwisho daktari akatuita sisi ndugu pembeni, yeye mwenye ugonjwa akaachwa kwenye kiti cha magurudumu kwenye korido, tukaambiwa mpelekeni tu nyumbani akapumzike.

Sauti ilikuwa imemtoka kwahiyo akawa anaandika, na alikuwa anaandikia kwenye lilelile daftari lake la dagaa. Ninalo mpaka leo. Kuna ukurasa juu ameandika jina la mteja wa Kirumba na pembeni yake "magunia 2 bado, msimwachie", karuka mstari, chini kaandika "muulizeni dokta kama kuna sindano ya kumaliza, mimi niko tayari". Mwandiko uleule, kalamu ileile. Sasa mtu anayekumbuka nani anadaiwa magunia mangapi mtaniambiaje kwamba alikuwa amechanganyikiwa na maumivu hajui anachosema? Alikuwa anajua kuliko sisi tuliokuwa tunamwambia "utapona tu baba".

Mate yake mwenyewe yalikuwa hayapiti. Usiku kucha anatemea kwenye kopo la rangi tulilolisafisha, kulala chali hawezi yanampalia, kwahiyo analala ameketi, tumempangia mito na magunia mgongoni, na maumivu yanaanzia kifuani yanatokea kwenye mabega. Dawa tulizopewa ni vidonge, mtu hamezi! tukawa tunasaga Panadol kwenye kijiko tunachanganya na maji tunapitisha kwenye mpira wa tumboni. Kansa iliyoshafika kwenye mifupa, unaipelekea Panadol.

Lile swali lake nililifikisha kama alivyoliandika. Daktari akanyamaza, akainuka akafunga mlango, akasema "dada, hilo usiliulize tena humu ndani, mimi nina leseni na nina familia". Simlaumu na yeye, na sheria nimeisoma baadae nikaelewa alikuwa anaogopa nini. Ila baba mdogo jibu hakupata mpaka anakufa.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Maamuzi ya mtu afe vipi yanafanyika kila siku, ila mgonjwa hayupo kwenye kikao.

Daktari ndo anaamua mionzi iishie hapa. Ndugu wanaamua ng'ombe yupi auzwe kwa ajili ya matibabu na yupi abaki kwa ajili ya msiba, msijifanye hamjui kwamba vikao hivyo vipo, tunavikaa. Bima inaamua ilipe nini. Na hilo neno "mpelekeni nyumbani" ni uamuzi mkubwa kuliko yote, maana maana yake ni kafieni huko, na linasemwa kwa ndugu kwenye korido. Kwahiyo mtu akiniambia kwamba uhai ni wa Mungu pekee na binadamu hatakiwi kugusa, namuuliza mbona tunagusa sana, kila mmoja anagusa, isipokuwa mwenye uhai wake. Katiba yetu Ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Utu wa mtu unathaminiwaje wakati habari ya kifo chake anaambiwa shemeji yake?

2. Dawa ya maumivu ipo, ni ya zamani, sio ya gharama, na haivuki maji.

Mofini ya maji ni unga unaochanganywa na maji, basi. Mtu anakunywa kwa kipimo au inapitishwa kwenye mpira, kila baada ya saa 4. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na shirika hilohilo linasema kila mwaka watu kama milioni 56.8 duniani wanahitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Sasa mseme ni umaskini. Haya, Uganda. Ziwa ni moja, samaki wetu ni walewale, na wao sio matajiri. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha pale shirika la tiba shufaa, Hospice Africa Uganda, wakaanza kutengeneza mofini ya maji palepale nchini, na mwaka 2004 wakabadilisha sheria nesi na tabibu waliofundishwa tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika wenyewe bila kusubiri daktari. Miaka zaidi ya 20 sasa na Uganda haijageuka nchi ya mateja wa mofini.

Kwetu ipo pia, sikatai, kuna hospitali zinaitoa na kuna manesi wa tiba shufaa wanaofanya kazi kubwa sana wakiwa wachache. Ila sisi tulipewa chupa moja. Ikiisha ndugu arudi mjini na karatasi, apande meli ya Nansio, Ukerewe, kama ipo na kama ziwa halijachafuka, afike akute anayeandika yupo, akute na stoo ipo wazi, alale mjini, arudi. Mgonjwa ndo hajapata dozi muda wote huo. Kwanini isikae kituo cha afya kisiwani kwenye kabati la kufuli, mbona chanjo zinafika?

3. Sheria yenyewe.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 216: anayemsaidia mtu kujiua, kifungo cha maisha. Kifungu cha 217: mwenyewe akijaribu akashindwa, ana kosa la jinai. Na kuna sehemu inasema hata ukiharakisha tu kifo cha mtu ambaye tayari ugonjwa ulikuwa unamuua, unahesabika umesababisha kifo. Muweke hapo nesi wa kituo cha afya ana chupa ya mofini mkononi na mgonjwa anakoroma, hivi atampa dozi inayotosha au atampa nusu ajilinde? Atampa nusu. Ningekuwa mimi ningempa nusu.

Na sheria hii hatukuitunga kwa mila zetu, ni ya Mwingereza, imeanza kutumika hapa mwaka 1945. Mwingereza mwenyewe kosa la kujaribu kujiua alilifuta kwake mwaka 1961, hata uhuru wetu ulikuwa haujafika. Kusaidia kaendelea kukuita kosa lakini kwake kifungo hakizidi miaka 14, sisi tumebaki na maisha. Kenya nao, Januari 2025 Mahakama Kuu yao ilisema kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba yao. Sisi tuko palepale.

4. Mgonjwa anabaki peke yake na hilo wazo.

Hili ntalisema kwa kifupi. Wapo wanaoamua wenyewe kimyakimya, vibaya, usiku, bila mtu wa kuwashika mkono, na familia inabaki na aibu, mengine hata kwenye msiba hayasemwi. Kama kungekuwa na mlango halali wa kusema "nimefikiria kufa" bila daktari kukimbia, wengi wangeingia kwenye huo mlango wakakuta mtu wa kuwaongezea dawa ya maumivu, na wangebaki. Hao nao tunawapoteza.

Sasa najua mtajibu nini, maana mengine nimeshajibiwa.

Mtasema dini. Mimi ni Mkatoliki wa kubatizwa na msimamo wa Kanisa langu naujua, Kanisa linakataa kabisa kumuua mgonjwa hata akiomba, na Waislamu hapo tuko pamoja nao. Sitawadanganya. Lakini kwenye dawa ya maumivu dini msiisingizie, maana Papa Pius wa 12 mwaka 1957 alishasema kumpa mgonjwa dawa ya maumivu inaruhusiwa hata kama inaweza kufupisha maisha, ilimradi nia ni kuondoa maumivu. Kwahiyo chupa ya mofini kukosekana kisiwani haina uhusiano na Mungu. Na kwenye hilo la kuchagua kufa, asiyetaka kwa imani yake hatachagua, daktari asiyetaka hatalazimishwa, hospitali ya dini isiyotaka isifanye. Anglikana Desmond Tutu, askofu mkuu, mtu aliyezika watu wengi kuliko sisi wote, aliandika mwaka 2014 kuunga mkono haki hii, na mwaka 2016 akitimiza miaka 85 akaandika kwamba hata yeye angependa awe na hiyo nafasi. Unaweza kumpinga, watu wengi walimpinga, ila usiseme hakuwa na dini.

Mtasema ni mambo ya wazungu. Kolombia mahakama yao ya katiba ilifungua mlango mwaka 1997. Ekwado mwaka 2024. Afrika Kusini wakili Robert Stransham-Ford, kansa ya tezi dume, alikwenda mahakamani akaomba daktari amsaidie, na tarehe 30 Aprili 2015 jaji wa Pretoria akamkubalia. Alikuwa ameshafariki asubuhi hiyohiyo, saa chache kabla, jaji hana habari. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikaifuta ile hukumu, na mojawapo ya sababu ni hiyohiyo kwamba mwenye kesi alishakufa.

Hapo ndo najibu na wale wanaoniambia nenda mahakamani. Kwa marekebisho ya mwaka 2020 anayefungua kesi ya haki za msingi hapa kwetu alitakiwa aoneshe yeye mwenyewe binafsi ameathirikaje, mpaka mwaka 2025 Mahakama ya Rufani ilipoliondoa sharti hilo. Hata hivyo mimi sio mgonjwa. Aliyeathirika ni mtu aliyebakiza wiki chache, hawezi kuongea, yuko kisiwani, na kesi ya katiba inakula miaka. Hakuna mgonjwa wa aina hii atakayeiona hukumu yake, ndo maana naleta kwa watunga sheria.

Mtasema tutoe mofini kwanza, tukishamaliza ndo tuongee hayo mengine. Hili lingenishawishi kama mofini ingekuwa njiani. Tena nakubali kabisa kwamba wengi wakipata nafuu ya maumivu hawatataka kufa mapema. Ila wapo ambao hata mofini haiwafikishi, baba mdogo ile chupa moja ilipokuwepo maumivu yalipungua kweli, mate hayakupungua, kupaliwa hakukupungua, na kwenye daftari hakufuta alichoandika.

Mtasema daktari anaweza kukosea kuhesabu miezi. Kweli, anakosea. Ndo maana kwenye jimbo la Oregon kule Marekani, ambako sheria yao inafanya kazi tangu 1997, lazima madaktari 2 wakubaliane kwamba mtu hafikishi miezi 6, anaomba kwa mdomo mara 2 na kwa maandishi mara 1, na dawa anakunywa mwenyewe kwa mkono wake, hakuna wa kumnywesha. Na kama theluthi moja ya wanaoandikiwa hiyo dawa hawaitumii kabisa. Wanakufa na ugonjwa wao, dawa iko kabatini, ilitosha tu kujua ipo. Wanaoitumia hawafiki asilimia 1 ya vifo vyote vya jimbo hilo.

Nakuja kwenye hoja ambayo mimi mwenyewe inanisumbua, na ajabu kati ya ofisi zote nilizopita hamna aliyeitaja. Hapa ni Usukumani. Hapa bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa miaka yote jikoni anaitwa mchawi, anakatwa panga, na ukifuatilia vizuri nyuma ya panga unakuta shamba. Tumezika bibi zetu hivyo, sio hadithi za zamani. Sasa ukileta sheria ya kusaidia watu kufa kwenye jamii yenye hayo, si utakuwa umewapa wajukuu karatasi ya serikali badala ya panga? Mzee atakalishwa, ataambiwa unatumalizia ng'ombe, saini hapa.

Ninalichukulia kwa uzito wote, na jibu langu ni kwamba sheria iandikwe kwa kuwaogopa ndugu. Simaanishi kuwachukia, mimi mwenyewe ni ndugu. Ndugu asiombe kwa niaba, asitafsiri, asiwe shahidi, asiwemo chumbani mgonjwa anapoulizwa. Anayerithi chochote, hata mtumbwi, asiwepo. Mgonjwa aliyepoteza fahamu hana ombi, asiyejua kusoma aulizwe kwa lugha yake ya nyumbani na mtu wa kutoka wilaya nyingine. Na uzee peke yake usiwe sababu, wala ulemavu, wala huzuni, wala umaskini. Kanada walianza 2016 na watu ambao kifo chao kinaonekana, mwaka 2021 wakapanua hadi kwa ambao hawako karibu kufa, na Uholanzi, ambako sheria ipo tangu 2002, sasa imepita asilimia 5 ya vifo vyote. Hizo njia mimi siziombi. Naomba mlango mwembamba wa Oregon na tuukaze zaidi kwa jinsi tunavyojijua sisi wenyewe.

Na mkumbuke hali ilivyo sasa haimlindi huyo bibi pia. Leo hii ndugu wakiamua hospitali basi, ni basi, hakuna fomu, hakuna shahidi, hakuna anayemuuliza akiwa peke yake. Sheria ninayoiomba ndo ingekuwa mara ya kwanza mtu wa nje aingie chumbani, atoe kila mtu, afunge mlango, amuulize bibi, "wewe unataka nini?"

Ninachoomba kwenu:

1. Mofini ya maji ifike vituo vya afya vya visiwani na vya mwambao, Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, na nesi au tabibu aliyefundishwa tiba shufaa aruhusiwe kuiandika na kuiongeza dozi mwenyewe. Hili halihitaji mjadala wa taifa, linahitaji waraka, bajeti na mafunzo. Lianze mwaka huu wa fedha.

2. Utoke mwongozo kwamba mgonjwa mwenye akili timamu anaambiwa yeye kwanza habari ya ugonjwa wake, kabla ya ndugu, na akiandika au akisema mbele ya mashahidi kwamba hataki mashine, hataki kurudishwa wodini, hataki mpira, hilo liheshimiwe na liingie kwenye faili lake.

3. Kifungu cha 217 kifutwe. Na kwenye ile sehemu ya kuharakisha kifo iwekwe wazi kwamba mhudumu aliyetoa dawa ya maumivu kwa kufuata mwongozo hana kosa.

4. Tume ya Kurekebisha Sheria ipewe kazi ya kuangalia kifungu cha 216 kwa upande wa wagonjwa wasiopona, na ikusanye maoni huku tuliko, Mwanza mjini, Nansio, Sengerema, Magu, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma na Kikerewe pia. Wagonjwa wenyewe wafuatwe vitandani. Msituitishe ukumbi wa hoteli Dodoma halafu mkaandika kwamba wananchi wameshirikishwa.

5. Mbunge mmoja tu wa huku awe na moyo wa kupeleka muswada binafsi, kanuni za Bunge zinaruhusu. Mambo ya kuwemo nimeshayataja: mtu mzima, anayekufa kwa ugonjwa, madaktari 2 wasiojuana kikazi, maombi zaidi ya moja yaliyopishana siku, ndugu na warithi nje, tiba shufaa awe ameshapewa kweli na sio kutajiwa tu, anaweza kughairi saa yoyote hata kikombe kikiwa mkononi, daktari mwenye dhamira tofauti asiguswe, na kila tukio lipitiwe na kamati na hesabu zitangazwe kila mwaka.

Muswada unaweza kushindwa. Nimehesabu na hilo, na ukishindwa kwa hoja sitanuna, nitajua angalau wabunge wamesimama wakasema sababu zao na zimeandikwa kwenye Hansard, kumbukumbu za Bunge. Ila namba 1 na namba 2 hazina mtu wa kuzipinga, sio askofu, sio shehe, sio mwanasheria, kwahiyo hizo nazihesabia tofauti. Majibu naomba yawe ya maandishi, namba kwa namba, na ambapo jibu ni hapana paandikwe hapana. Simu za "mama tumelipokea tunalifanyia kazi" ninazo za kutosha.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mkazi wa Kitangiri, Mwanza

Nakala:
Wabunge wote wa mikoa ya Mwanza, Mara, Geita, Kagera na Simiyu
Madaktari na manesi wa tiba shufaa popote mlipo
Wateja wa marehemu mwaloni Kirumba, na yule wa magunia 2 anajijua